Chuma Kilichochomolewa Itebero

Ninyi mnaobeba spika zenye betri ndani na kuendesha muziki kwa simu, msinicheke nikianza na habari za chumvi na makala, makaa ya kupikia. Najua mtacheka tu. Juzi mmoja wenu alikuja hapa kwangu Kashebere kunionyesha mashine yake mpya ya kugeuza umeme wa jua. Nikamuuliza waya wa ardhi uko wapi. Akasema, "Mama Riziki, hii ni ya sasa, haiombake mambo ya terre." Nilimrudishia mashine yake, na chai iliyokuwa jikoni nikainywa peke yangu. Umeme wa jua unaua sawasawa na umeme wa mafuta, na mwimbaji akishika mikro hana namna ya kujua umetoka wapi.

Kazi yangu ilikuwa kupima vyombo vya jukwaani kabla watu hawajavigusa. Ampli, magitaa, mikro, nyaya, spika tunazoziita bafle, na jenereta ambayo kwetu ni gurupu. Nilizunguka navyo Masisi na Walikale kwa miaka mingi, makanisani, arusini, kwenye sherehe za shule, na mara chache kwa wanamuziki waliotoka mjini na miwani yao myeusi. Wengi walidhani mimi ni mke wa fundi. Walikuwa wakifika wananiuliza, "Fundi iko wapi?" Nami nawaambia anakuja, kisha naendelea kukaza skurubu.

Aliyenifundisha ni Papa Paluku, mfanyabiashara wa kutoka upande wa Butembo aliyekuwa na duka la vitenge na lori moja, na ndani ya lori sono, vyombo vya muziki, ya kukodisha. Mimi nilikuwa mwimbaji wa korali. Siku moja, kule Shasha, mikro yake ilinipiga mdomoni. Wenzangu walidhani nitalia, lakini nilishuka jukwaani katikati ya wimbo nikaenda kumtukana Papa Paluku mbele ya wateja wake, kwa sauti ya kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Binti, mudomo huu tuutafutie kazi," akanipa bisibisi nishike. Sikuirudisha.

Yeye alikuwa akipima kwa mgongo wa mkono. Alipeleka mgongo wa vidole taratibu kwenye mwili wa ampli, akasikiliza ngozi yake. Alinieleza sababu, na hiyo sababu ishikeni hata kama njia yenyewe ni ya wazimu: umeme hukunja vidole. Ukigusa kwa kiganja, mkono unafunga wenyewe na hautaweza kuachia. Ukigusa kwa mgongo, mkono unakunjwa kuondoka. Nilimwona akirushwa hivyo mara mbili, na mara ya pili alidondoka ndani ya ngoma ya kanisa, tukamtoa kwa miguu. Baada ya hapo alinunua testa yenye sindano, akanikabidhi mimi, akisema macho yake hayaoni namba ndogo. Macho yake yaliona vizuri sana. Aliogopa, na hakutaka kulisema.

Kwa hiyo pimeni kwa testa. Ila kabla ya testa tumieni macho na pua. Utepe mweusi ukizungushwa kwenye waya, ufungueni, kwa sababu mtu hafungi mahali pazima. Plagi yenye meno matatu mkiikuta imebaki na mawili, jueni kuna mtu alikata jino la ardhi kwa kisu ili iingie kwenye tundu lake, na mtu huyo atawaapia kwamba ilitoka dukani hivyo. Ampli iliyovuka msitu mgongoni mwa mtu imekunywa maji hata kama haikunyeshewa, maana hewa ya Walikale yenyewe ni maji. Ifungueni, iacheni karibu na makaa kwa umbali wa mkono mmoja, subirini. Wenye sherehe watapiga kelele. Waacheni wapige. Na mkipima, msipime kila kitu peke yake mkaridhika. Wekeni mguu mmoja wa testa kwenye nyuzi za gitaa na mwingine kwenye kichwa cha mikro, kwa sababu mwimbaji anagusa vyote viwili kwa wakati mmoja, mkono huku na mdomo kule.

Sasa hiyo terre. Ni chuma kirefu unachokipigilia ardhini, na nyaya kutoka kwenye mwili wa kila mashine zinakutana juu yake kwa kibanio kimoja. Umeme ukivuja ndani ya ampli, unapita pale na kushuka chini, au unaangusha swichi ya gurupu, na mwimbaji anamaliza wimbo wake bila kujua kitu. Upande wa Sake ardhi ni mawe ya volkano, chuma hakishuki na kikishuka hakishiki. Ndiyo maana Papa Paluku alinifundisha kuchimba shimo, kutia makala yaliyopondwa, kumwaga chumvi na maji juu yake, halafu ndipo kupigilia. Chumvi na makala vinashika unyevu na kuupa umeme njia. Nikazoea hivyo, nikawa nafanya kila mahali, hata kwenye udongo mweusi wa msituni usiohitaji chumvi ya mtu.

Kitu kingine alichonifundisha, na hiki nataka mkitupe, ni kufanya kazi kwa kificho. "Kliya akijua siri ya kazi yako," alikuwa akisema kuhusu wateja, "weye utabaki na nini?" Tulikuwa tunapigilia chuma alfajiri watu wakiwa wamelala, tunafunika kwa majani, na mtu akiuliza tunacheka tu. Nilipenda jambo hilo kuliko yeye alivyolipenda. Mwanamke katika kazi ile alikuwa anadharauliwa asubuhi hadi jioni, na siri ilikuwa kitu pekee kilichonipa urefu kidogo.

Itebero, kijiji cha msituni Walikale, tulialikwa kwa sikukuu ya kushukuru mavuno. Papa Paluku alikuwa amekwisha kuacha safari, miguu yake ilimkatalia, hivyo sono ile ilikuwa mikononi mwangu. Gari lilituacha barabara ilipokwisha kuwa barabara, na wabebaji wakachukua vyombo mgongoni. Nilitembea nyuma ya ampli ya gitaa njia nzima, nikimkemea aliyeibeba kila alipoteleza, mpaka akanigeukia na kusema, "Mama, kama unaipenda hivi, nikubebe weye nayo itembee?" Tulicheka wote. Tulifika jioni, tukalala.

Alfajiri nilitoka na nyundo yangu. Nyuma ya jukwaa la mbao, karibu na ukuta wa kanisa, nikachimba shimo, nikaponda makala, nikamwaga chumvi na maji, nikapigilia chuma huku nahesabu mapigo kwa sauti ya chini, kama tulivyozoea. Nikafunga nyaya, nikafunika kwa majani ya ndizi. Kulipokucha nikawasha gurupu na kupima kila kitu. Nyuzi na mikro, sifuri. Ampli na ardhi, sifuri. Nilijisikia vizuri. Nikaenda kula ugali wa muhogo na sombe ya majani yake kwa wamama wa kanisa, na nilikula sana.

Sherehe ilikuwa ianze saa sita, na saa sita ikanyesha. Mvua ile haikuchukua hata saa nzima, lakini ilikuwa mvua ya kule, inayoshuka bila kusalimia. Shitingi tuliyotandaza kama paa juu ya jukwaa ilijaa maji katikati, ikapasuka upande wa ampli ya gitaa. Nilikimbia, nikaifuta kwa kitenge changu. Juu ilikauka. Ndani sikuangalia. Na testa ilikuwa ndani ya mfuko wangu, hatua mbili kutoka hapo. Nilijiambia nimepima asubuhi. Maneno hayo, "nimepima asubuhi," nimeyasikia tangu siku ile kwa mafundi wengi, na kila nikiyasikia nawaambia watoe testa.

Korali mbili za kwanza ziliimba kwa ngoma na mikro tu, hapakuwa na taabu. Ya tatu ilikuwa ya pale pale kijijini, na kiongozi wao alikuwa kijana mmoja, Bahati, aliyepiga gitaa na kuimba kwa pamoja. Alikuwa mtoto wa mwisho wa mama mmoja mkulima ambaye wote walimwita Mama Bahati, mama mfupi mwenye sauti nzito, aliyekuwa pia mkubwa wa kundi la maombi. Korali yao haikupanda jukwaani. Walisimama chini, mbele yake, pekupeku, kwa sababu nyimbo zao waliziendesha kwa miguu: walikanyaga ardhi wote pamoja, na huo ndio uliokuwa mdundo wao. Nimezunguka sana na sijaona korali nyingine inayokanyaga hivyo. Siku ile waliikanyaga ardhi iliyolowa, maji yakiruka mpaka magotini.

Bahati alichomeka gitaa, akapiga nyuzi mara moja, kisha akakung'uta mkono. Akacheka. Akapiga tena, akakung'uta tena, akawaangalia wenzake kama mtu anayeona haya kwa kutetemeka mbele ya watu.

Nilimwona. Nilijua ule mkono unasema nini, maana hata wangu uliwahi kukung'utwa vile. Niliinuka. Kati yangu na yeye kulikuwa na mabenchi matatu na wazee wameketi. Nikafungua mdomo kumwita, naye akainama kwenye mikro kuanza.

Sauti haikutoka. Bafle zilinguruma, mwili wake ukakakamaa, kichwa kikakaza na mdomo bado umeshikwa pale, na mkono wa kushoto umefunga shingo ya gitaa. Kisha akaanza kutetemeka mwili mzima. Na watu, wanangu, watu wakashangilia. Walidhani Roho amemshukia. Wamama walipiga vigelegele, wazee wakainua mikono juu, korali ikazidi kukanyaga, na mtu mmoja nyuma yangu alikuwa analia kwa furaha akisema, "Anafika! Anafika!" Nilipiga kelele kwamba ni umeme, na kelele yangu ikaingia katika kelele zao. Nikapita juu ya mabenchi. Nilimkanyaga mzee mmoja, sijui nani, Mungu anisamehe. Ralonji, ule waya mrefu unaotoka kwenye gurupu, niliushika kwa kitenge nikauvuta kwa uzito wangu wote, na bafle zikanyamaza.

Bahati alianguka chali. Hapo ndipo vigelegele vilipokatika. Nilimsukuma kifua kama tulivyofundishwa, huku najisikia nahesabu kwa sauti ile ile ya chini niliyohesabia nyundo. Muganga wa kituo cha afya alikuja mbio kutoka ng'ambo ya uwanja wa mpira, akapiga magoti, akanisukuma pembeni, akaendelea yeye. Sijui ilikuwa muda gani. Bahati akavuta hewa, akakohoa, akaanza kulia kama mtoto mchanga. Wakambeba kuvuka uwanja, mama yake anakimbia nyuma yao bila kilemba.

Mimi nilikwenda nyuma ya jukwaa. Majani ya ndizi yalikuwa yamewekwa pembeni, yamepangwa. Chuma hakikuwapo. Shimo lilikuwa limefukiwa na kukanyagwa, na zile nyaya zangu zote, kila moja peke yake, zilikuwa zimekunjwa vizuri na kulazwa ukutani. Mtu aliyefanya hivyo hakuwa na haraka wala hasira. Alikuwa anasafisha.

Waliponikuta pale, nilikuwa nimeshika nyaya mkononi. Pasta alikuwa mbele, nyuma yake nusu ya kijiji. Mmoja aliinama akachota makala na udongo uliochanganyika na chumvi, akawaonyesha wengine. Hakuna aliyehitaji maelezo. Mwanamke mgeni, alfajiri, nyuma ya kanisa, anazika makala na chumvi, anapigilia chuma na kunong'ona. Nikijitazama kwa macho yao, hata mimi ningejiita mulozi, mchawi.

"Ulizika nini hapa?" pasta aliniuliza.

"Ni terre, pasta. Ni ya kulinda waimbaji."

"Ya kulinda! Na mutoto analala kule?"

Ndipo Mama Bahati akarudi. Muganga alimtoa nje kwa sababu ya kilio. Alituambia kwanza kwamba mwanawe anapumua na anaongea, ila mkono umeungua. Kisha akafungua kitenge alichokumbatia, na ndani kilikuwa chuma changu, na kibanio chake juu.

"Miye njo nilichomoa," akasema. Aliwageukia watu, si mimi. "Mvua ilipopita nikaona majani, nikafunua, nikaona ile mambo. Tukaomba, nikachomoa. Kama singechomoa, saa hii tungekuwa tunamulia. Mungu alinionyesha mbele."

Watu wakasema amina. Alisimama pale ameshika chuma kile kwa mikono miwili, mfupi, amelowa, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyemwokoa mwanawe. Niliogopa sana. Kijana mmoja alikuwa ameokota nyundo yangu na hakuwa ameishika kama mtu anayetaka kuirudisha. Lakini nawaambia ukweli, uso ule uliniogopesha kuliko nyundo.

Kwa sababu nilijua kitu ambacho kingeniokoa, na kilikuwa sentensi moja tu. Na nilijua ile sentensi ingemfanya nini yeye.

Nikaziweka nyaya kwapani. Nilifikiri, acha wanifukuze. Nitembee na vyombo vyangu mpaka barabarani, mama wa watu abaki na furaha yake. Pasta alimgeukia mzee mmoja wakanong'onezana, kisha akasema kitu kibaya kimetolewa, Mungu ameshinda, sherehe iendelee. "Washeni gurupu," akasema. "Korali ya ine ijitayarishe." Na niliona kwa pembeni msichana wa korali ya nne, amevaa gauni jeupe, anavua viatu ili aimbe kama wenyeji, na mwenzake anamvisha gitaa lile lile.

Nikakimbia nikakaa juu ya kichwa cha ralonji. Ndiyo, nilikaa, kwa makalio, kwenye matope, na plagi chini yangu. Mtu akija kuniondoa itabidi anibebe, na mimi si mwepesi.

"Ondoka pale, mama," kijana mwenye nyundo alisema.

"Siondoke. Ukitaka, nipige hapa hapa, lakini huyu binti hatashika ile mikro."

"Juu ya nini?" Mama Bahati aliniuliza sababu. "Si kitu kimetoka?"

Sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Nilimwambia akaribie, naye akakaribia, na nilisema polepole, ila wote walisikia. Nilimwambia ampli ililowa, umeme ukatoka ndani yake ukapanda kwenye nyuzi za gitaa. Umeme unatafuta kushuka chini. Chuma kile kilikuwa njia yake ya kushukia, niliuwekea ili usipite kwa mtu. "Njia haikuwapo, mama," nikasema. "Ukapita kwa Bahati."

Hakulia. Alikiangalia chuma. Alikigeuza, akaangalia ncha yenye udongo, akaangalia kibanio. Hata kijana yule alishusha nyundo. Nilingoja anirukie, na ningemwacha.

"Asubui nilikuona," akasema mwishoni. "Nilikuwa ninafagia kanisa. Nilikuuliza, mama, unapanda nini? Weye ukaniambia, mambo ya courant, ya umeme, hautayaelewa. Ukacheka."

Hili sikuwaambia pale mwanzo, nilipowasimulia ile alfajiri. Niliruka. Nimesimulia habari hii mara nyingi kwa watu wengi, na kila mara naruka hapo, kwa sababu naona haya. Alikuwa dirishani na ufagio wake, alinisalimia kwa heshima, akaniuliza swali jepesi ambalo jibu lake lingechukua muda wa kukoroga chai. Nami nikacheka, kwa sababu siku hiyo mimi ndiye niliyejua na mwingine ndiye aliyekuwa hajui.

"Ni kweli," nikamjibu. "Nilikukosea."

"Sasa nionyeshe."

Tulichimba upya, mbele ya wote. Nilieleza kila kitu kwa sauti, makala ni ya nini, chumvi ni ya nini, na kwamba pale hata chumvi haikuwa lazima. Mama Bahati aliimwaga mwenyewe. Nilimpa nyundo kijana yule apigilie, na alipigilia vizuri, sina neno naye. Ampli ya maji niliiweka mbali, nikachomeka gitaa moja kwa moja kwenye meza ya sauti. Niliwasha gurupu, nikaweka testa kati ya nyuzi na mikro, nikamwita pasta asome sindano. "Sifuri," akasoma, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusoma. Nikapima mikro na ardhi. Sifuri tena.

Lakini hakuna aliyesogea. Yule msichana wa gauni jeupe alikuwa amerudi nyuma ya mama yake. Sindano kwao ilikuwa sindano tu.

"Nitaanza mimi," nikasema, nikavua viatu.

Mama Bahati akanishika bega. "Hapana. Kama ni weye, watasema uko na dawa yako. Nitaanza miye."

Nilimwambia si lazima. Nilimwambia anywe maji kwanza, aketi. Alikuwa amekwisha kuvua kandambili. Alijivisha gitaa bila kujua kamba inapita wapi, likaning'inia kwenye magoti yake. Akakanyaga matope sawasawa, miguu yote miwili. Mimi nilisimama kwenye gurupu, kidole juu ya swichi, na ingawa testa ilisema sifuri mara mbili, jasho lilikuwa linaniingia machoni na sikuthubutu kulifuta. Akafunga vidole kwenye nyuzi, kwa kiganja, kama mtu anavyoshika mpini wa jembe. Kisha akapeleka mdomo kwenye mikro mpaka ukagusa.

Nilisikia pumzi yake kwenye bafle zote nne.

"Bahati," akasema. Sauti yake ikavuka uwanja wa mpira ikarudi kutoka msituni. "Bahati, mutoto wangu. Ni mama. Njo miye nilichomoa kile chuma. Sikujua. Unisamehe."

Maneno yale yalikuwa yangu, mimi ndiye niliyepaswa kuyasema, nami nimesimama nyuma ya gurupu na kidole changu. Nililia pale bila kuficha. Hakuna aliyepiga vigelegele, wala hakuna aliyesema amina. Wote walikuwa wamegeukia kituo cha afya.

Mlango ulifunguka. Alitoka muganga, na nyuma yake Bahati, anashikiliwa begani, mkono umefungwa bandeji mpaka kiwiko. Akauinua ule mzima.

Mama yake hakujua kama mikro inazimwa au inaachwa. Aliendelea kuishika, mdomo wake pale pale, akimtazama mwanawe ng'ambo ya uwanja, na kijiji kizima kikamsikia anauliza:

"Umekula?"

Nikaondoa kidole kwenye swichi.